Mlango Uliotazama Barabara

Asubuhi, kabla ya kutoka nje, Mzee Ambindwile aligonga mwimo wa mlango wake kwa mpini wa nyundo. Aligonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, kisha akasimama kusubiri. Upande wa pili wa uwanja sufuria iliwekwa chini, nyayo zikapita haraka kuelekea migombani, halafu kimya. Hapo ndipo mzee alipotoka kunawa uso.

Mgeni angedhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, lakini pale Mpuguso hapakuwa na wa kushangaa. Mwenye nyayo hizo, Sekela, alikuwa mke wa mwanawe, na kwa Wanyakyusa wa rika la Ambindwile mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, na jina lake halitamki hata akiulizwa na karani wa sensa. Wakikutana njiani kwa bahati mbaya, mwanamke hujifunika khanga kichwani akaingia vichakani mpaka mzee apite. Vijana walicheka, na waliookoka walisema mambo hayo Yesu aliyamaliza zamani. Ambindwile alikuwa Mkristo wa kubatizwa, tena fundi seremala aliyechonga mabenchi ya kanisa, ila katika hili hakuwa tayari kugombana na babu zake. Ilikuwa heshima, basi, na hakutaka mjadala.

Walikuwa wameishi hivyo tangu Jotham alipomleta Sekela kutoka Isongole. Mwanzoni walikuwapo watu wa kupita katikati. Alikuwapo mke wa mzee, aliyepeleka maneno huku na huku na kuyatia chumvi yake, na alikuwapo Jotham mwenyewe. Mama akafariki. Jotham naye, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza chochote popote, alibeba furushi la mitumba kwenda Tunduma, akavuka mpaka wa nchi kwenda Nakonde, akarudi na redio ya kaseti, akaondoka tena, na safari hiyo haikuwa na mwisho. Watoto hawakujaliwa. Wakabaki mzee na mkwewe katika uwanja mmoja, watu wawili wasioruhusiwa kuonana.

Ambindwile alimjua kwa sauti. Alijua kikohozi chake cha wakati wa mvua, na Tukuyu wakati wa mvua ni karibu mwaka mzima. Alijua jembe lake likigonga jiwe na wimbo wa kanisani aliouimba akiosha vyombo, mstari wa pili daima akiukosea. Jioni alikuta bakuli lililofunikwa juu ya kisiki karibu na mlango wake, ndizi na maharage, au viazi na mboga. Chumvi ilikuwa kama alivyoipenda, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Sekela alikuwa ameisoma kwenye makombo: bakuli likirudi na chakula, kesho yake alibadilisha. Mzee naye alilirudisha bakuli kisikini likiwa limeoshwa, jambo lililowachekesha majirani. Jembe la Sekela likilegea mpini, liliachwa pale pale kisikini, na asubuhi lilikuwa imara. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao, na Ambindwile aliyapenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kulikuwa na siku moja tu aliyotamani ifutike. Mvua ilikuwa inanyesha, nyundo ilikuwa chini kabisa ya sanduku la vifaa, naye akatoka bila kugonga. Sekela alikuwa anapandisha njia kutoka mtoni, ndoo kichwani. Alipomwona alijitupa pembeni kwenye matope, akateleza, ndoo ikapasuka, akabaki amepiga magoti kati ya migomba na khanga iliyolowa imemfunika kichwa. Ambindwile alitaka kumwinua. Mkono wake ulikwisha kunyooka. Kisha akageuka, akasimama akiwa amempa mgongo, akisikiliza jinsi mwanamke yule alivyokuwa akihema na kuokota vipande vya ndoo. Aliona aibu ambayo haikumtoka tena.

Mwaka huo huo, mjini Tukuyu, ilivunjwa nyumba kubwa ya enzi za Wajerumani. Kwanza ilikuwa nyumba ya wageni wa serikali, baadaye ikawa ofisi ya chama cha ushirika, na ushirika ulipokufa ikawa ya popo. Aliyeinunua aliitwa Abubakary, mfanyabiashara wa mabati na saruji, mtu mcheshi mwenye kofia ya kufuma. Alitaka kiwanja ajenge maduka ya tofali. Mafundi wake walikuwa tayari kuipiga nyumba nyundo mpaka ianguke, lakini Abubakary alikuwa amegundua kwamba mbao za zamani zina wateja. Msitu wa mlima ulikuwa umefungwa, mivule ilikuwa imekwisha, na mbao mpya za mikaratusi zilizouzwa mbichi barabarani zilipinda kabla nyumba haijaezekwa. Akamwita Ambindwile aifungue nyumba polepole, na malipo yake yawe mbao.

Ilikuwa kazi ya kumfaa mpweke. Alipanda juu ya kenchi na mtaimbo wake, akatoa bati moja moja, kisha boriti. Wazee waliojenga pale hawakuamini sana misumari. Kila kiungo kilikuwa kimechongwa na kuingizwa katika kingine, kikafungwa kwa kijiti cha mti mgumu, na ukikigonga kijiti kwa upande wa pili kiungo kiliachia bila kuumia. Mbao za mvule zilikuwa zimeiva rangi ya kahawa, nzito, hazina tundu la mchwa. Aliporanda kipande kimoja kujaribu, harufu ikatoka kama mti umekatwa juzi. Ambindwile alikaa juu ya ukuta akalia kidogo, kisha akaushika tena mtaimbo.

"Mzee," Abubakary alimwita kutoka chini, "chukua unazotaka. Ila ule mlango mkubwa wa mbele niachie, kuna mtu wa Mbeya anauulizia."

"Mlango ndio ninaoutaka," alisema Ambindwile.

Abubakary alimtazama, akacheka, akamwachia.

Alikuwa hajajua bado mlango ni wa nini. Alijua Amoni alipokuja. Amoni alikuwa kaka yake Sekela, mkulima wa viazi kutoka Isongole, kijana wa adabu aliyevaa koti zito hata jua likiwaka. Alikaa kwenye benchi la mzee, akakataa chai, na mtu akikataa chai ujue amebeba neno.

"Baba, Jotham ameoa Nakonde. Ana mtoto. Hizo si habari za kusikia, nimekwenda mwenyewe nikaona."

Ambindwile alitikisa kichwa. Moyoni alikuwa anajua siku nyingi.

"Sisi hatuna ugomvi na wewe," Amoni aliendelea. "Nyumbani wanataka dada arudi. Yeye amesema jambo moja. Anasema akijua anatakiwa hapa, atakaa. Shamba analo, kanisa analo, na kaburi la mama mkwe wake analipalilia yeye. Lakini hajui kama anatakiwa. Miaka yote hii hajasikia neno lako hata moja. Sasa niambie baba, nimpelekee nini?"

Sekela alikuwa nyuma ya jiko lake, hatua chache tu kutoka pale. Mzee alisikia kuni zikivunjwa, kisha akasikia kwamba hazivunjwi tena. Na hapa ndipo mtu hutamani kumshika mzee huyu mabegani amtikise. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili, akae hapa, na hakuna mila iliyomkataza kuyatuma kwa mdomo wa Amoni. Lakini maneno yalikuwa kazi ya marehemu mkewe. Yeye alikuwa mtu wa mbao. Aliogopa sauti itamtoka kama ya mtoto mbele ya kijana wa watu.

"Mwambie asubiri," alisema mwishowe. "Namjengea nyumba. Ikiisha ataona mwenyewe."

Amoni alingoja kama kuna jingine. Mzee akanyanyuka kuchukua randa yake.

Nyumba ya Sekela ilikuwa ya mianzi na udongo, iliyokwisha kulala upande mmoja kama mlevi. Ile mpya Ambindwile aliisimamisha penye ukingo wa uwanja, karibu na barabara. Alizileta mbao kwa mkokoteni, safari baada ya safari, na akaziunga kama zilivyokuwa zimeungwa mwanzo, kiungo ndani ya kiungo, kijiti juu ya kijiti. Vyumba viwili, sakafu ya mbao ili baridi isimpande miguuni, dirisha la vioo vya zamani lililotazama migomba. Hakuwahi kujenga kitu kizuri vile, hata alipokuwa kijana. Mtu aliyepita alisimama. Wengine walitaka kujua kama mbao za marehemu nyumba hazina mikosi, naye akawajibu kwamba kanisa lao lina kengele iliyotoka kwenye meli na hakuna aliyezama.

Mlango ulikuwa jambo alilolifikiria kuliko yote. Nyumba zote za Mpuguso milango yake hutazama uwanjani, ndivyo watu wa nyumba moja wanavyoonana. Lakini yeye alikumbuka ndoo iliyopasuka. Kama mlango ungetazama uwanjani, Sekela angeendelea kuchungulia kabla ya kutoka, na kukimbilia migombani kila nyundo inapolia. Kwa hiyo aliugeuza. Mlango ule mkubwa wa mvule, wenye bawaba za shaba alizozisugua kwa majivu mpaka zikang'aa, aliuweka upande wa barabara, na ukuta wa nyuma ndio ukatazama kwake. Sasa angetoka na kuingia apendavyo, na ndoo kichwani, wala asijitupe kwenye matope kwa ajili ya mzee mmoja msahaulifu. Ambindwile aliona kwamba hapo amesema kila kitu.

Felista, jirani yao, mama mnene wa kwaya mwenye kuuliza anachofikiria, alisimama barabarani akiwa na kikapu cha ndizi.

"Mzee, unafungua duka?"

Ambindwile alicheka tu akaendelea kupiga randa. Wakati ule kila mwenye kiwanja kando ya barabara alikuwa anajenga fremu za kupangisha, za kinyozi, za soda, za kanda za muziki. Alichukulia kwamba Felista anamtania.

Nyumba ilipokwisha, aliosha bakuli la jioni, akaweka ndani yake ufunguo mkubwa wa chuma wa mlango ule, akaliacha kisikini. Alilala akiwa na furaha ya kitoto aliyoionea haya.

Asubuhi aligonga mwimo kwa nyundo, akasubiri. Hakusikia sufuria wala nyayo. Aligonga tena. Alipotoka, bakuli lilikuwa pale pale kisikini na ufunguo ndani yake, umepata umande. Jikoni kwa Sekela majivu yalikuwa yamezolewa. Nyumba ya mianzi ilikuwa imefagiliwa mpaka pembeni, na jembe, lenye mpini aliomchongea mwenyewe, limeegemezwa ukutani kwa ajili ya mwenye nalo.

Felista ndiye aliyekuja kumweleza, maana ndiye aliyemsindikiza kwenye gari.

"Alikuja kuiona nyumba ulipokuwa kanisani," alisema. "Akaizunguka yote. Akanishika mkono akasema, mama, kaniwekea mlango wa mpangaji. Akasema, mzee ameniambia nisubiri nitaona, na sasa nimeona. Amenipa mgongo, ameniwekea njia ya kuondokea."

Ambindwile alikaa chini kwenye kisiki. Alieleza habari ya ndoo, ya matope, ya nyundo, akieleza vibaya, akirudia rudia. Felista alimsikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakuwa na utani.

"Na hayo ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Sasa mzee, hata nikienda Isongole kumwambia, atasema umekosa wa kukupikia. Watu wote watasema hivyo. Maneno hayo yalikuwa ya kabla hajafunga mzigo."

Ilikuwa kweli, na mzee alijua. Siku zilizofuata alijipikia viazi, akavila vikiwa na chumvi nyingi mno au bila chumvi kabisa. Alitoka nje bila kugonga, akarudi ndani, akagonga, akatoka tena. Alichukia uwanja ulivyokuwa mkubwa. Nyumba ya mvule ilikaa imefungwa, na watu watatu tofauti walikuja kuuliza kodi yake ni kiasi gani.

Kisha Amoni alirudi, safari hii na wazee wawili na ng'ombe mmoja wa kufunga habari. Ndoa ya Jotham imekwisha, walisema, na ili Sekela awe huru mbele ya watu wote, baba wa mume arudishiwe ng'ombe mmoja wa mahari aliyoitoa. Ambindwile aliitazama kamba bila kuipokea. Alijua maana yake. Akikataa, Sekela atabaki mkwewe, mwanamke wa nyumba hii, asiyeweza kuolewa wala kupumzika. Akikubali, hatakuwa kitu kwake, na yeye Ambindwile hatakuwa na mtu duniani zaidi ya kijana aliyeko Nakonde asiyeandika. Alitamani kukataa. Alitamani sana, na kwa muda wazee waliona hivyo wakaanza kutazamana.

"Ndaga," alisema, yaani asante, akaipokea kamba.

Amoni alishusha pumzi. Kwa kutaka kumfariji alisema, "Sasa yamekwisha, baba. Hata ukija Isongole, hakuna wa kukukimbia."

Hakujua amesema nini. Walipoondoka, Ambindwile alimfunga ng'ombe, akachukua patasi na nyundo, akaiendea nyumba ya mvule. Alianza na mlango. Kijiti baada ya kijiti, kiungo kiliachia kama kilivyoachia mjini. Kwenye kila ubao alichora alama kwa patasi, ili kila ubao ujue mwenzake. Abubakary aliposikia alikuja mwenyewe, akizunguka lundo la mbao.

"Mzee, nyumba hii umeifungua mara mbili. Niuzie mlango basi. Yule wa Mbeya bado yupo."

"Una lori linalopanda Isongole kuchukua viazi," alisema Ambindwile. "Linapanda tupu."

Abubakary alikuwa mtu wa biashara lakini hakuwa jiwe. Kesho yake lori lilikuja, na vijana wa kupakia wakapewa amri ya kutorusha.

Isongole kuna baridi inayoingia mpaka mifupani, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi lori liliposimama. Ambindwile alishuka akiwa na sanduku lake la vifaa. Mwanamke alitoka jikoni kwa Amoni, mrefu, mweusi, na kovu dogo juu ya nyusi. Hakuwa na khanga kichwani. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yake, akapiga goti kidogo kama mtu anavyomsalimu mzee yeyote.

"Shikamoo, Mzee Ambindwile."

Alikuwa hajawahi kuusikia mdomo ule ukitaja jina lake. Mkwe halitaji. Alilitaja vizuri, kwa heshima, na lilimchoma kuliko kumpokea yule ng'ombe kulivyomchoma. Alimtazama usoni akafikiri, kumbe ndivyo alivyo, na miaka yote hiyo nimekula chakula chake.

"Marahaba, mama." Kisha akasema yote pale pale barabarani, mbele ya dereva na wapakiaji, kabla woga haujamrudia. Alisema mlango aliugeuza kwa sababu ya ndoo. Alisema hakutaka aanguke tena. "Nilitaka ukae. Nilitaka sana. Sikusema."

Sekela alitazama mbao ndani ya lori.

"Ningekaa," alisema. "Nilikuwa jikoni siku ile Amoni alipokuuliza. Niliacha kuvunja kuni ili nisikie."

"Nilikusikia ulivyoacha."

Dereva alipiga honi, maana viazi vilikuwa vinamsubiri. Mbao zikashushwa, na Ambindwile akalala kwa Amoni muda wote aliojenga. Alipofika kwenye mlango alisimama, mwimo mkononi, akageuka kumtafuta Sekela.

"Mlango utazame wapi?"

Ndilo swali la kwanza alilowahi kumwuliza.

"Uwanjani," alisema Sekela. "Nione wanaokuja."

Akauweka uwanjani. Bawaba zilikuwa zimefubaa njiani, akazisugua tena kwa majivu. Alimkabidhi ufunguo mkononi, na safari hii ulipokelewa. Walimwomba akae mpaka Jumapili. Alisema ana ng'ombe wa kuangalia, na ilikuwa kweli, kwa kuwa hakuwa na kingine.

Asubuhi ya kuondoka alikunja leso yake, akabeba sanduku la vifaa, akapita nyuma ya nyumba mpya kwenda barabarani. Alipofika kwenye kona, mkono ukaenda wenyewe. Alichukua nyundo akagonga ubao wa kona, taratibu, kama alivyogonga kila asubuhi ya miaka yake ya karibuni. Alipotambua alichofanya aliona haya, akataka kucheka.

Upande wa pili wa kona Sekela alikuwa anarudi kutoka kisimani, ndoo kichwani. Hakuna aliyemlazimu tena. Aliitua ndoo chini bila kumwaga, akavuta khanga akajifunika kichwa, akaingia kati ya matuta ya viazi, akageuza uso pembeni.

Ambindwile alisimama kidogo. Kisha akainamisha macho, kama inavyompasa baba mkwe, akapita. Hakugeuka nyuma mpaka alipofika barabarani, na hapo akaketi juu ya sanduku lake kusubiri gari la kushuka Tukuyu.